Pikipiki ya Kwanza

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu ukimalizika twaulizwa, "Ninunue pikipiki gani?" Jawabu letu: ya kwanza iwe ya kazi. Ya kale ya kuweka na kupendezwa nayo, ije baadaye.

Tazameni mbili hizi. BSA Bantam ya Uingereza ilitoka mwaka 1948. Oili yake huchanganywa na petroli tangini. Honda Super Cub ya Japani ilitoka mwaka 1958, na hadi mwaka 2017 zilikwisha tengenezwa milioni 100. Hii oili yake hukaa peke yake injinini, na petroli hutiwa tupu.

Ukitia petroli tupu katika Bantam, waua injini. Sisi tulinunua ya kale kwa urahisi wake, wala hatukuuliza. Pistoni ilikwama mlimani, na gunia la karafuu tukalichukua kichwani. Rahisi ni ghali.

Basi kabla ya kutoa fedha, ulizeni habari ya oili, linganisheni namba ya chesisi na ya kwenye kadi, na mwende na fundi.

Wassalaam,
Katibu