Uvimbe wa Titi Usio Saratani: Uangalizi Baada ya Upasuaji
Uvimbe wa titi usio saratani, hasa ule uitwao fibroadenoma, huwapata zaidi wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 35. Baada ya kuondolewa kwa upasuaji, wagonjwa wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kidonda hutakiwa kubaki kikavu, na sidiria inayoshika vyema, hata wakati wa kulala, hupunguza maumivu. Kuteka maji na kubeba mtoto mgongoni kusubiri hadi daktari aridhie, jambo ambalo familia nyingi husahau. Homa, usaha au wekundu unaoenea humlazimu mgonjwa kurudi hospitalini mara moja. Aidha, majibu ya maabara yafuatwe hata kidonda kikipona, kwani ndiyo yanayothibitisha kuwa uvimbe ulioondolewa haukuwa saratani.