Maji ya Kisima Yakiwa Maangavu, Je, Ni Salama?

Leo tutazungumza juu ya kisima kilicho uani na choo cha shimo kilicho karibu nacho.

Wengi wetu tunaoishi pwani, kuanzia Kwale hadi Lamu, tunauamini sana mchanga. Tunasema kwamba maji yakishapita mchangani yamesafika. Kwa kiasi fulani ni kweli. Mvua inayozama katika vilima vya mchanga vya Shela ndiyo inayotia maji matamu katika visima vya mji wa Lamu. Lakini mchanga hauzuii kila kitu.

Jaribu jambo hili nyumbani. Chukua chupa ya plastiki, ikate kitako, itoboe kifuniko, kisha uigeuze na kuijaza mchanga uliooshwa. Twanga kipande cha makaa kiwe unga laini kabisa, ukoroge ndani ya maji, umimine juu ya mchanga. Punje kubwa za makaa zitabaki juu. Zile ndogo sana huteremka na maji, nawe utaweza kuona maji ya kijivu yakidondoka chini.

Kwa nini? Kati ya punje moja ya mchanga na nyingine kuna nafasi. Kitu kikubwa kuliko nafasi hiyo hukwama. Kidogo zaidi hupita, isipokuwa kikigusa punje na kunata. Maji yakienda polepole, chembe nyingi hunata. Yakienda kwa kasi, nyingi huchukuliwa.

Sasa fikiria vijidudu vya choo. Bakteria wa kawaida ana urefu wa kama milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Kirusi cha rota, kinachowaharisha watoto wachanga, ni kidogo kuliko huyo bakteria zaidi ya mara 10. Tofauti na makaa, hawa hawatii maji rangi. Maji yatang'aa kama kioo, na bado yatamwangusha mtoto.

Hatari huzidi wakati wa masika. Kwanza, maji ya chini ya ardhi hupanda na kukaribia kitako cha shimo la choo. Pili, maji ya mvua hayana chumvi nyingi, na chembe zilizokuwa zimenata mchangani hulegea na kuanza safari tena. Na pale ambapo chini ya mchanga kuna mawe ya matumbawe, maji hupita katika nyufa na mashimo kama yanayopita katika bomba, bila kuchujwa.

Basi tufanye nini?

Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kisiwe upande wa juu ambako maji hutokea. Kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita moja na nusu, hata wakati wa mvua. Mzee wa nyumba akitaka kuchimba karibu ili kuokoa nafasi, mweleze habari ya makaa na chupa. Kisima kijengewe ukingo na kifunikwe. Usimwage oili chafu wala dawa za shambani karibu nacho, maana chembe za masizi na makaa hunasa sumu hizo na zinaweza kuzibeba hadi majini.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yahifadhi katika chombo safi chenye kifuniko. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji. Chanjo ya rota imo katika chanjo za kawaida za watoto hapa Kenya tangu 2014. Mpeleke kliniki afikapo wiki 6.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe ORS, na umpeleke kituo cha afya upesi. Macho yakibonyea, akishindwa kunywa au ukiona damu katika choo chake, usingoje asubuhi.

Mama, usiyapime maji kwa macho.