Shampeni, wanzuki na glasi zilizobaki mezani

Msomaji wangu, mavuno yakishaingia ghalani, Mpanda haikosi harusi wala sendofu. Kwenye meza kuu hufunguliwa chupa ambayo MC huiita shampeni. Soma lebo yake. Mara nyingi si shampeni ya Ufaransa bali divai nyingine yenye povu, kama Prosecco ya Italia, ambayo angalau asilimia 85 yake hutokana na zabibu aina ya Glera. Kwa wageni wengine huenda kuna wanzuki wa asali yetu ya Katavi. Majina ni tofauti, lakini ini lako linaona kitu kimoja: pombe.

Glasi ndogo ya mililita 125 ya divai yenye kilevi cha asilimia 11 ina takriban gramu 11 za pombe halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Wanzuki wa nyumbani hauna lebo. Nguvu yake hutegemea asali iliyotiwa na siku ulizochachuka. Utamu wake usikudanganye.

Je, unywe na chakula gani? Waitaliano hupenda divai hii pamoja na samaki na vitafunwa vyenye chumvi. Kwetu, mgebuka wa Ziwa Tanganyika unafaa sana. Cha msingi ni kula kabla ya kunywa. Wali, maharage, samaki au nyama huchelewesha pombe kuingia kwenye damu, ilhali gesi ya povu inaweza kuiharakisha, hasa tumbo likiwa tupu. Kunywa na maji. Mwenye presha apunguze chumvi. Hata hivyo, chakula hakiondoi pombe mwilini. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara.

Wapo wasiopaswa kuonja kabisa. Mjamzito, kwa kuwa pombe humfikia mtoto tumboni. Anayetumia dawa za kifua kikuu, kwa sababu ini lake tayari lina mzigo. Aliyeandikiwa metronidazole asubiri angalau siku mbili baada ya kumaliza dozi. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini azungumze kwanza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka usiku akiwa amelala.

Mzazi, hili ni lako. Wakubwa wanapoinuka kucheza muziki, watoto hubaki na glasi mezani. Kinywaji kina povu na utamu kama soda, nao humalizia. Kwa mtoto mdogo, pombe hushusha sukari ya damu, wakati mwingine saa kadhaa baadaye. Ukimwona anayumba, anatapika, anatoka jasho la baridi, ana usingizi usio wa kawaida au degedege, usiseme "amechoka tu, mwacheni alale."

Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe maji yenye sukari. Kama hajitambui, usimtie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu. Usimtapishe. Katika hali zote mbili mwahishe kituo cha afya usiku huohuo, na useme wazi alichokunywa. Hatutakugombeza; tunataka kumpima sukari mapema.

Kwenye kamati ya harusi yenu, mchagueni mtu mmoja wa kukusanya glasi kabla muziki haujaanza.