DAWA ZA USAFI: NGUVU YAKE NI KIPIMO, SI WINGI

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wananchi wa Kigali hutoka kwa majembe, mapanga na mafagio kufanya kazi ya Umuganda. Sifa ya mji huu imevuka mipaka, na mwaka 2008 Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa liliutunuku kwa juhudi zake, zikiwemo ukusanyaji wa taka na vita dhidi ya mifuko ya plastiki. Hata hivyo, usafi wa barabara huonwa na kila mpita njia, ilhali usafi wa jikoni, chooni na chumbani humtegemea mtu mmoja aliyeinama juu ya ndoo. Makala ya juma hili inahusu kilichomo ndani ya ndoo hiyo.

Siku hizi dawa nyingi za usafi huuzwa zikiwa zimekolea, yaani kiwandani zimetiwa maji machache ili mnunuzi aongeze mwenyewe. Jambo hili lina faida: chupa ndogo hufanya kazi ya dumu zima, na gharama hupungua. Lakini lina sharti lake. Kiwanda kimemwachia mtumiaji kazi ya kupima, na asiyepima hupoteza fedha, au huharibu mali, au hudhuru watu wa nyumba yake.

Aina mbili, kazi mbili

Yafaa kwanza kutofautisha aina mbili za dawa ambazo mara nyingi huchanganywa katika mazungumzo. Aina ya kwanza ni sabuni ya maji ya kazi zote. Hiyo huondoa uchafu. Chembe zake zina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji, na hivyo mafuta yaliyogandamana na sakafu hubanduka na kuondoka pamoja na maji. Aina ya pili ni dawa ya kuua vijidudu. Maarufu zaidi ni maji ya klorini, ambayo hapa kwetu huitwa javeli, na ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huyaita jiki.

Jina hilo la javeli lina historia. Javel ni mtaa wa Paris ambako, mwishoni mwa karne ya 18, mkemia Mfaransa Claude Louis Berthollet alionyesha namna ya kutumia klorini kung'arisha nguo. Baadaye ikafahamika kwamba klorini huua pia vijidudu. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aliwaamuru madaktari wa wodi yake ya uzazi kunawa mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Sisi wenyewe wa Kigali tuliishuhudia kazi ya dawa hiyo wakati wa ugonjwa wa virusi vya Marburg, uliotangazwa nchini tarehe 27 Septemba 2024 na kutangazwa kwisha tarehe 20 Desemba mwaka huohuo. Watu 66 walithibitishwa kuugua na 15 wakafariki, na wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya. Klorini iliyopimwa vema ilikuwa miongoni mwa silaha zilizotumika.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: fagia, osha kwa sabuni, suuza, ndipo utie dawa ya kuua vijidudu. Anayemwaga javeli juu ya sakafu yenye tope au mafuta hujisumbua bure, kwa sababu nguvu ya klorini humalizwa na uchafu kabla ya kuwafikia vijidudu.

Hesabu ya ndoo

Maelezo ya chupa ndiyo amri ya kwanza. Sabuni iliyoandikwa 1:40 maana yake ni sehemu moja ya sabuni kwa sehemu 40 za maji. Ndoo ya maji ya lita 10 itahitaji robo lita tu, yaani mililita 250. Lita moja ya sabuni hiyo itatosha ndoo nne. Mwenye kumimina kwa macho akatia nusu lita, chupa yake itakwisha baada ya ndoo mbili, na sakafu haitakuwa safi mara mbili. Kinyume chake, sabuni iliyozidi hubaki sakafuni kama utando wenye kunata. Vumbi letu jekundu huushika utando huo, na kufikia jioni nyumba huonekana chafu kuliko ilivyokuwa asubuhi. Aidha, sakafu ya vigae huteleza, na wazee na watoto huanguka.

Kwa javeli, tazama kiasi cha klorini kilichoandikwa kwenye chupa, kisha fanya hesabu hii: gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayoitaka, halafu toa moja. Jibu ni idadi ya sehemu za maji. Chupa ya asilimia 3.5, ikiwa wataka asilimia 0.5 kwa ajili ya mahali palipomwagika damu au matapishi, huhitaji sehemu 6 za maji kwa sehemu 1 ya dawa. Chupa ya asilimia 5 huhitaji sehemu 9. Kwa kufuta meza, vitasa vya milango na sakafu iliyokwisha kuoshwa, asilimia 0.1 yatosha, na chupa ile ya asilimia 3.5 itatiwa sehemu 34 za maji. Chupa nyingine za maandishi ya Kifaransa huonyesha nyuzi za klorini badala ya asilimia. Hapo zidisha kila uzi kwa 0.3: nyuzi 12 ni kiasi cha asilimia 3.6.

Baada ya kupima, hapana budi kusubiri. Dawa haiui kwa kupitishwa na kukaushwa papo hapo. Iache ilowanishe mahali kwa dakika 10, kisha suuza, hasa meza ya kukatia chakula na vyombo vya watoto. Tumia maji ya baridi, kwani moto huiharibu klorini. Changanya kiasi cha siku moja tu, kwa sababu dawa iliyokwisha kutiwa maji hupungua nguvu haraka. Chupa yenyewe iwekwe mbali na jua. Na daima tia maji ndani ya ndoo kwanza, dawa baadaye, ili dawa kali isikurukie machoni.

Adui aliyemo chooni

Sasa tufike penye hatari kubwa. Watu wengi hudhani kwamba dawa mbili zikiungana zitafanya kazi kuliko moja. Kwa javeli, fikra hiyo yaweza kuua.

Javeli ikikutana na asidi, kama vile dawa ya kuondoa ukoga wa choo, siki au maji ya limau, hutoa hewa ya klorini. Askari wanaosoma historia ya vita wanaifahamu hewa hiyo. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia zaidi ya tani 150 za klorini kuelekea mahandaki ya adui, na upepo ukaisukuma hewa hiyo ya rangi ya kijani na manjano juu ya askari wasio na kinga yoyote. Kilichowaua kilikuwa hewa ileile ambayo mtu asiyejua aweza kuitengeneza ndani ya choo chake akiwa amefunga mlango na dirisha. Kiasi ni kidogo, lakini na chumba pia ni kidogo.

Javeli ikikutana na amonia hutoa hewa nyingine ya sumu. Amonia imo katika baadhi ya dawa za kung'arisha vioo, na pia hutokana na mkojo uliokaa. Kwa sababu hiyo usimwage javeli kali katika choo cha shimo, wala kwenye beseni la nepi zilizolowa, wala katika banda la kuku lisilosafishwa kwanza kwa maji mengi. Wenye matangi ya maji machafu wakumbuke tena kwamba ndani ya tangi wamo vijidudu wenye manufaa wanaoozesha kinyesi. Javeli nyingi huwaua hao, na tangi hujaa kabla ya wakati wake.

Kanuni ni fupi na yafaa kuandikwa ukutani: ndoo moja, dawa moja, mlango wazi. Sabuni isuuzwe kwanza ndipo dawa ije.

Chupa ya soda si ghala

Katika masoko yetu hupatikana sabuni na dawa zilizomiminwa katika chupa za soda au za maji ya kunywa, bila maandishi yoyote. Huo ni mtego kwa mtoto. Mtoto wa miaka miwili hasomi, yeye huitambua chupa kwa umbo lake, na chupa ya soda kwake ni kinywaji kitamu. Acha dawa ndani ya chupa yake ya asili, funga kifuniko barabara, iweke juu asipofikia mtoto, mbali na unga, chumvi na mafuta ya kula. Ikiwa wahitaji chombo cha kupimia, kata chupa tupu ya plastiki sehemu ya juu na uipake alama ya rangi, ili asitokee mtu wa kuinywea.

Ajali ikitokea, fanya yafuatayo bila kuhangaika. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Ikimwagikia mwilini, vua nguo zilizolowa na usuuze ngozi kwa maji mengi. Mtu akivuta hewa ya sumu, mtoe nje mara moja, wala usirudi ndani kuimwaga ndoo. Aliyekunywa asutukue kinywa kwa maji, lakini asitapishwe, kwa maana dawa iliyounguza koo ikishuka huliunguza tena ikipanda. Usimlazimishe kunywa maziwa mengi wala mafuta, na aliyezimia asipewe kitu chochote. Piga simu namba 912 kuita gari la wagonjwa, au mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na uchukue chupa ile ili mganga aone alichokunywa.

Kambini na kituoni

Mahali wanapolala watu wengi pamoja, kama bweni la askari au mahabusu ya kituo cha polisi, kazi ya kupima isiwe ya kila mtu. Ateuliwe mmoja anayetunza ghala la dawa, naye apime na kugawa dawa iliyokwisha kutiwa maji. Kipimo kiandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, katika lugha inayosomwa na wote. Wanaosafisha wapewe glavu, na mtu mwenye pumu asipangiwe kazi ya javeli.

Yapo pia mambo ya mali. Javeli hula chuma na alumini, kwa hiyo isitumike kwenye sufuria, mabati wala silaha, ambayo ina mafuta yake maalumu. Sare vilevile isitiwe javeli: doa moja likiondoka, rangi nayo huondoka, na hakuna sabuni itakayoirudisha.

Ndugu msomaji, nidhamu ambayo askari huonyesha gwarideni yafaa kuonekana pia kwenye ndoo ya nyumbani mwake, kuanzia Kanombe hadi Nyamirambo. Mwambie mwenzako, mfundishe na kijana anayekusaidia kazi, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye ashikaye ndoo na hakuna aliyemsomea maelezo ya chupa. Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kijiko cha kupimia hakigharimu kitu, na leo hii kiwekwe karibu na chupa.