Basi la Shule Lisikomee Mombasa

Kila mara likizo inapokaribia, mabasi ya shule huondoka hapa Waithaka na vitongoji jirani alfajiri na mapema, yakielekea pwani. Wanafunzi huoga baharini, hupigwa picha mbele ya Ngome ya Yesu, kisha hurejea na vikuku vya shanga. Gharama ya safari hiyo si haba, na wapo wazazi wanaojinyima ili mtoto asiachwe nyuma. Hata hivyo, ukimuuliza mwanafunzi amejifunza nini, aghalabu atakusimulia habari za mawimbi na mchanga.

Sina ugomvi na bahari. Ninalolalamikia ni kwamba tunatumia fedha za wazazi kununua mandhari peke yake, ilhali fedha hizo hizo zingeweza kununua elimu. Pendekezo langu kwa walimu wenzangu, hususan wa Kiswahili, ni kwamba basi lisikomee Mombasa. Livuke Likoni, lifuate pwani ya kusini hadi Lunga Lunga, livuke mpaka kwa kupitia Horohoro, liingie Tanga.

Ninayo sababu ya kuichagua Tanga. Kwanza, njia yenyewe ni darasa. Kidato chote hukariri orodha ya lahaja za Kiswahili kana kwamba ni majina ya madini, wala hawajapata kuzisikia. Katika safari hii utaanza na Kimvita mjini Mombasa, upite karibu na wasemaji wa Chifundi pande za Gasi na Funzi, ukaribie Vanga na Wasini penye Kivumba, na hatimaye ufike Tongoni, kusini mwa Tanga, katika eneo la Kimtang'ata, lahaja ambayo W. H. Whiteley aliichapishia kitabu mwaka wa 1956. Pembeni mwa njia hiyo utawakuta Wadigo, ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa lakini lugha haikugawanyika. Kiswahili sanifu, kilichosimamishwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, kimetufaa sana. Lakini kisiwe sababu ya kuwadharau ndugu zake. Lahaja isiyosikilizwa na vijana hufa na wazee wake.

Pili, Tanga ni mji ambao bahari na milima vinakaribiana, na kila kivutio chake kina jina lenye kisa. Hapo Tongoni pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya ishirini, mengine yenye nguzo ndefu. Tongo ni mahame, mahali palipohamwa. Kwa hiyo jina Tongoni lenyewe linakueleza kwamba lilitolewa baada ya mji kuachwa. Mji ulipokuwa hai uliitwa Mtang'ata. Mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alipopita hapo akielekea Mombasa, merikebu yake moja, São Rafael, ilikwama katika miamba. Mabaharia wakaipa miamba ile jina la merikebu yao, na milima iliyoonekana ng'ambo wakaiita pia São Rafael. Walipokuwa wakirudi mwanzoni mwa mwaka wa 1499, waliichoma merikebu hiyo hiyo karibu na hapo kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua. Jina walilolipa milima nalo halikudumu.

Milima hiyo leo tunaiita Usambara. Wenyewe Wasambaa huiita nchi yao Shambaai. Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyeishi Rabai, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882, alikwenda huko mara mbili, mwaka wa 1848 na 1852, kuonana na mfalme Kimweri katika mji wa Vuga. Ukipanda hadi Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka wa 1902, utaonyeshwa ua dogo la zambarau ambalo leo hupambia madirisha ya Ulaya na Marekani. Ulimwengu wa sayansi uliliita Saintpaulia mwaka wa 1893, kwa jina la afisa Mjerumani aliyelipeleka kwao. Wenyeji walikuwa wakiliona ua hilo miaka na mikaka.

Lakini msafiri asidhani kwamba kila jina lilitoka kwa mgeni. Njiani kuelekea Muheza yapo mashamba ya mkonge, zao lililoletwa kutoka Florida mwaka wa 1893. Mmea ni wa kigeni, jina ni letu: waliokuwapo walikuwa na mmea wao wa nyuzi ulioitwa hivyo, nao wakampa mgeni jina la mwenyeji.

Tatu, mji huu hufundisha kuuliza. Katika mapango ya Amboni, yaliyo katika miamba ya chokaa kaskazini mwa mji, mwongozaji atakusimulia kwamba njia za chini ya ardhi hufika Mombasa, na kwamba mbwa aliyepotea humo aliibukia Kilimanjaro. Upimaji wa mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba pango refu zaidi halifiki kilomita moja. Je, mwalimu amkatize mwongozaji? La hasha. Simulizi hiyo ni fasihi simulizi hai, na wanafunzi waiandike kama ilivyotamkwa. Baadaye, darasani, waijadili pamoja na vipimo. Wataelewa tofauti ya ngano na taarifa kuliko ambavyo fasili yoyote ingewaeleza.

Fauka ya hayo, ni ajabu kwamba vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimesoma maandishi ya Shaaban Robert bila kuwaza kwamba kijiji cha Vibambani alikozaliwa mwaka wa 1909, na Machui alikozikwa mwaka wa 1962, viko karibu na mji huo.

Najua yatakayosemwa: Tanga ni mbali, hati za kuvukia mpaka zina usumbufu, na mtihani hauulizi habari za Tongoni. Hati huandaliwa mapema. Ama kuhusu mtihani, lahaja na fasihi simulizi zimo katika silabasi. Na shule isiyoweza kufika Tanga bado inaweza kufanya jambo moja: kila mwanafunzi abebe daftari, na kila afikapo aandike jina la mahali, aliyelitoa, na maana yake kwa wenyeji. Daftari hilo linaweza kuanzia hapa hapa kwetu. Kijana wa Dagoretti anayejua kwamba Nairobi ni neno la Kimaasai la ubaridi wa maji, na akamuuliza nyanyake asili ya majina ya vitongoji vinavyomzunguka, amekwisha kuanza safari kabla ya nauli kulipwa.