Dawa Moja, Majina Mengi: Fahamu Matumizi Salama ya Parasetamoli

Katika maduka ya dawa ya Sinza, jijini Dar es Salaam, kama ilivyo kwingineko nchini, mtu anayeumwa kichwa au mwenye homa huomba "Panadol", hata kama atakachopewa kimetengenezwa na kiwanda kingine. Panadol ni jina la kibiashara. Dawa yenyewe ni parasetamoli, ambayo kwenye pakiti huandikwa "Paracetamol". Kutofahamu tofauti hiyo kunaweza kuhatarisha maisha.

Parasetamoli huuzwa kwa majina mengi. Pia huchanganywa katika dawa nyingi za mafua na baadhi ya dawa za maumivu ya viungo. Hivyo, mgonjwa anayemeza tembe mbili za kutuliza kichwa, kisha akatumia dawa ya mafua, anaweza kuwa amerudia dawa ileile bila kujua.

Kwa mtu mzima, dozi ya kawaida ni tembe moja au mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6, na jumla isizidi tembe 8, yaani gramu 4, ndani ya saa 24. Dozi ya mtoto hupangwa kwa kuzingatia uzito wake. Haifai kuikadiria kwa kukata tembe ya mtu mzima. Wenye ugonjwa wa ini na wanaokunywa pombe nyingi wapate kwanza ushauri wa mtaalamu.

Kipimo kikizidi, ini huharibika. Hatari zaidi ni kwamba katika saa 24 za mwanzo mgonjwa anaweza asione dalili yoyote, au akahisi kichefuchefu tu. Ipo dawa ya kulikinga ini, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa sababu hiyo, aliyezidisha kipimo apelekwe hospitali mara moja akiwa na pakiti ya dawa, hata kama anajisikia vizuri.

Aidha, parasetamoli hushusha homa lakini haitibu malaria. Mwenye homa anapaswa kupimwa. Akithibitika kuwa na malaria na kuandikiwa dawa ya mseto ya ALu, amalize dozi zote 6 kwa siku 3, hata akipata nafuu mapema.

Kabla ya kuondoka dukani, mwananchi amweleze mtoa dawa dawa nyingine anazotumia, asome kilichomo katika dawa anayopewa na akague tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa ikimletea madhara, atoe taarifa katika kituo cha kutolea huduma za afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye jukumu la kufuatilia usalama wa dawa nchini.