Umefunga faili, lakini dosie iko wazi

Tangu Kanuni ya Migodi ilipobadilishwa mwaka 2018, 15 kwa mia ya redevansi ya madini inapaswa kufika kwa sheferi, sekteri na miji ambako kampuni inachimba. Kampuni nayo inatoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Basi kutoka Kolwezi mpaka Kisenge ya manganeze, hesabu ya kisima ao ya darasa la shule ni jambo la kila mukaaji. Na siku hizi hesabu hiyo inakaa mara nyingi ndani ya kompyuta moja ya biro, yenye watu wane ao watano.

Mwenye kutunza feza anaandika faili ya matumizi, anaweka alama kwenye “Lecture seule”, anaenda nyumbani akiwa na amani. Asubuhi faili haiko. “Nilifunga ile faili, sasa nani aliifuta?” Kumbe “Lecture seule” si kufuli. Yeyote mwenye haki ya kubadili faili anaweza kuondoa ile alama kwa kubofya mara moja.

Kufuli la kweli tunalipata katika Unix, iliyotungwa tangu 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie kule Bell Labs, Marekani. Wakati ule mashini ilikuwa bei kali, batu wengi walitumia moja tu. Hali yetu kabisa! Linux imerizi mpango ule: kila faili ina mwenyewe, ina kundi, na kuna wengine wote. Mwenyewe ni ile akaunti iliyounda faili, si mutu aliyekaa kwenye kiti. Kwa kila mmoja kuna ruhusa tatu: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Ukijumlisha unapata, kwa mufano, 640: mwenyewe anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, wengine hawapati kitu.

Sasa njo pale wengi wanapotegwa. Dosie ni kama rejista yenye majina ya faili. Kufuta faili ni kukata jina katika rejista, kwa hiyo mashini haiulizi ruhusa ya faili, inauliza ruhusa ya dosie. Mwenye haki ya kuandika ndani ya dosie, na haki ya kuingia humo, anaweza kufuta hata faili asiyoweza kuisoma. Mbaya zaidi, anaweza kuweka yake yenye jina lilelile, na hesabu ingine ndani. Ukiandika amri ls -l utaona kama jina la mwenyewe limebadilika.

Dawa ni kuipa dosie 750. Wanakomite walio katika kundi wanaingia, wanaona orodha, wanafungua. Kuongeza na kufuta kunabaki kwa mwenyewe. Kama kila mutu lazima aweke faili zake pale, 1770 inafaa: ile 1 ya mbele inazuia mutu kufuta faili ya mwenzake, isipokuwa mwenye dosie. Mafundi wengine wanakimbilia 777 ili “itembee”. Ule ni uvivu, ni kuacha mlango wazi kwa kila anayepita.

Kwenye Windows, bofya dosie kwa kitufe cha kuume, fungua “Propriétés”, halafu “Sécurité”. Wanakomite wape “Lecture”. Mwenye “Contrôle total” juu ya dosie anaweza kufuta vyote vilivyomo, hata faili aliyokatazwa kuigusa.

Haya yote ni bure kama biro nzima inaingia kwa akaunti moja na neno la siri limebandikwa ukutani. Kwa mashini, ninyi wote ni mutu mumoja. Kila mutu apate akaunti yake, na akaunti ya msimamizi isitumiwe kwa kazi za kila siku.

Fleshi nazo tuziangalie. Nyingi zinatumia FAT32 ao exFAT, ambazo haziandiki nani ni mwenyewe. Ukinakili faili humo, ruhusa zinabaki nyuma. Hata diski ya kompyuta ikifunguliwa na kuwekwa kwenye mashini ingine, ruhusa hazisaidii, isipokuwa ilifichwa kwa neno la siri. Kwa hesabu ya feza ya wote, chapisha karatasi kila mwisho wa mwezi, wanakomite watie sahihi, nakala moja ikae nje ya ile biro.